Msichana Asiyejua Kuondoka

Nilimchukia yule msichana tangu siku ya kwanza, na alikuwa ndani ya simu yangu mwenyewe.

Simu niliinunua mjini Kitale ikiwa tayari imetumika, na aliyekuwa nayo kabla yangu hakuisafisha. Nilikuta picha za ng'ombe wa mtu, nyimbo za injili, na mchezo mmoja. Ni mchezo wa mafumbo. Unamwongoza msichana wa miaka kumi na saba hivi, gauni refu la bluu, viatu visivyo na vumbi. Amelelewa na babu yake ndani ya nyumba yenye kuta ndefu, na hajawahi kutoka. Siku moja babu harudi. Msichana anatoka kumtafuta, na kila hatua kuna fumbo: kufuli la namba, mizani, mbao za daraja za kupanga. Maneno ni ya Kiingereza, kwa hivyo mimi nilikuwa nasoma na kumwambia binti yangu kwa Kiswahili, naye anagusa kioo.

Binti yangu alikuwa na miaka sita. Alimpenda huyo msichana kama dada.

Nikueleze tabia ya huyo msichana wa kwenye simu. Anaomba milango radhi. Kabla ya kusukuma mlango anauambia, "Samahani." Akifika dukani anauliza mkate unaota kwenye mti gani. Akikutana na mtu anainama, halafu anataja babu: Babu alisema maji ya mtoni ni baridi, Babu alisema watu wa sokoni wana kelele. Nyota anazijua zote kwa majina. Hesabu anapiga kwa kichwa, haraka kuliko mwenye duka. Lakini mtu akimwambia nishikie mzigo huu nakuja, anaushika. Mtu haji. Yeye bado amesimama hapo na mzigo, anatabasamu, na wewe unayecheza unagonga kioo kwa kidole ukimtukana.

"Huyu ni mjinga," nilimwambia mtoto.

"Si mjinga. Hajaambiwa tu."

Mtoto wa miaka sita, bana.

Mimi pia sikuambiwa. Nililelewa Sirisia, ndani ya ua la miiba lenye geti la mabati, na mama aliyekuwa mwalimu wa hesabu shule ya msingi. Baba alikufa nikiwa mdogo, na mama aliamua kwamba mimi ndiye nitakayebaki mzima. Siku ya soko niliijua kwa kelele tu. Watoto wengine walitumwa chumvi, mimi nilitumwa Biblia, kutoka chumbani hadi sebuleni. Shule ya upili nilisoma bweni, nikapelekwa na kurudishwa kwa mkono. Nilipofika kidato cha nne nilikuwa sijawahi kununua kitu kwa mkono wangu na sijawahi kumwambia mtu mzima hapana. Sifa zilikuwa nyingi. Akina mama wa kanisa walikuwa wanawaambia binti zao, mtazameni mtoto wa Mwalimu, hata huwezi kusikia sauti yake.

Watu wanafikiri msichana wa kufungiwa huharibikiwa siku anapotoroka. Mimi sikutoroka popote. Hesabu ilinishinda kwenye mtihani, mama akataka nirudie nipate alama za kuingia chuo kikuu cha Kibabii, akanitafutia mwalimu wa kunifundisha nyumbani. Mtu wa kanisani, ana mke na watoto. Hakuruka ua. Alipiga hodi getini, mama akamfungulia, akamkalisha kwenye kiti cha baba, akamwekea chai. Mimi nikaambiwa msikilize mwalimu, usimjibu. Mama akaenda kwenye maombi ya akina mama, Jumatano moja, Jumatano ya pili. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwa na neno la kumwambia mtu mzima aondoke. Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia samahani.

Hivyo ndivyo binti yangu alivyozaliwa. Mama hakuniuliza ni nani. Hakupiga kelele. Aliuza tu kile kiti.

Kwetu, mtoto wa kwanza wa binti akizaliwa nyumbani bila mahari, ni wa kukhu yake, yaani bibi yake. Hakuna anayekaa chini kujadili. Binti anaachisha ziwa, anakwenda kutafuta maisha, mtoto anabaki na kukhu. Mimi nilivunja hiyo. Mtoto akiwa na mwaka na nusu nilimfunga mgongoni nikaenda naye Kitale, nikapanga chumba Kibomet, nikapata kibarua cha kuchambua mahindi ya mbegu kwenye stoo. Unakaa chini na wanawake wengine, mahindi yanapita mbele yako, unatoa yaliyooza na yaliyovunjika mpaka macho yanaona mahindi hata ukifumba. Kila tulipokutana kwenye msiba, shangazi zangu waliniuliza mtoto wa wenyewe utamrudisha lini. Mama hakuuliza mbele ya watu. Aliuliza kwa simu, kila mwezi.

Niliapa mtoto wangu hatakuwa kama mimi. Akiwa na miaka mitano nilianza kumtuma dukani. Nilimfundisha kuhesabu chenji, kupiga kelele, kumwangalia mtu machoni, kukataa peremende ya mtu asiyemjua. Ukimuuliza jina kabla hujasema lako, anakuuliza, "Na wewe ni nani?"

Sasa ndiyo useme huyu mama anajua kulea. Ngoja.

Msimu wa mbegu stoo inafanya kazi hadi Jumamosi, mpaka saa saba mchana. Jumamosi nilikuwa namwacha na mama jirani anayefua nguo za watu hapo kwenye ploti ya vyumba tunamopanga. Halafu jirani akafiwa kwao, akaenda matanga, akakawia. Wengine wa ploti siwaamini. Kuna mwanamume chumba cha mwisho anayeita kila mtoto mchumba wake. Kwa hivyo Jumamosi ya kwanza nilimwachia mtoto chai kwenye thamosi, mkate, ndoo ya kukojolea, na simu yenye yule msichana. Nikatoka. Nikafunga kufuli nje.

Jumamosi nne. Mimi, ninayemtukana babu wa kwenye simu kwa kumjengea mtoto kuta.

Jumamosi ya nne nilirudi saa saba na robo, na vumbi la mahindi hadi kwenye kope. Nilipoingia kwenye ploti nikaona mgongo wa mama yangu. Alikuwa ameketi juu ya debe lililopinduliwa, chini ya dirisha langu, amevaa sweta lake la kanisani, mkoba magotini. Kando yake begi kubwa la safari, tupu, limekunjwa. Mtoto alikuwa ndani, amebandika simu kwenye vyuma vya dirisha ili kukhu aone.

"Kukhu, nisongeze ile nyekundu?"

"Subiri. Ile ya tatu ina uzito gani?"

"Kumi na nne."

"Basi kumi na nne na ile ndogo ni ngapi? Usiguse. Hesabu kwanza."

"Kumi na tisa... Imefunguka! Kukhu, imefunguka!"

Nilisimama nikisikiliza. Mwanamke wa chumba cha mbele, aliyekuwa anachambua mchele mlangoni kwake, akaniona akapaza sauti makusudi.

"Mama toto umefika! Mwalimu yuko hapo tangu saa nne. Nimemletea chai amekataa, ati hawezi kunywa chai nje ya mlango wa mtoto wake kama mtu anayeuza mboga."

"Mulembe, mama," nikasema.

Hakuitikia salamu. "Fungua mlango."

Ufunguo ulianguka mara mbili. Mtoto akatoka akanipita, akamkumbatia kukhu yake kiunoni. Mama akamshika kichwa, akanitazama juu ya kichwa hicho. Hakusema chochote, na hilo ndilo lililonitisha. Najua mama yangu akinyamaza ameshaamua.

Nilipika ugali, mayai na sukuma wiki. Mzazi akija anachinjiwa kuku, lakini kuku ningemtoa wapi saa hiyo. Mama aliomba juu ya chakula na maombi yake yalikuwa na kesi ndani. "Baba, tunakushukuru kwa mlango uliofunguliwa. Tunakushukuru kwamba moto haukutokea. Tunakushukuru kwamba mtoto hakuugua akiwa peke yake." Mtoto akasema amina kwa kila moja. Mimi nilitazama sukuma.

Kuna jambo la kujua. Kwetu mzazi halali kwa binti yake. Hata mvua inyeshe, hata awe mgonjwa, halali. Na kutoka Kitale mama lazima afike Bungoma, abadilishe gari, ndipo aende Sirisia, na ukiondoka Kitale baada ya saa kumi hupati gari la kukufikisha. Kwa hivyo nilijua: ikifika saa kumi, mtoto atakuwa ameenda au amebaki. Hakutakuwa na kesho ya kuongea polepole. Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro.

"Nimekuja kumchukua," mama akasema.

"Likizo?"

"Nimeongea na mwalimu mkuu. Ataanza muhula ujao, darasa lake lile lile. Nitamfundisha hesabu mwenyewe."

"Hukuniuliza."

"Nimekuuliza miaka minne. Leo nimeuliza kufuli, limenijibu."

"Jirani amefiwa, mama. Atarudi."

"Na akirudi, wengine hawatafiwa? Jumamosi ijayo utamwacha na nani?"

Nilibeba vyombo nikaenda nje kwenye bomba, nikavisugua hadi sahani ikanilalamikia. Nilikuwa na hasira kwa sababu alikuwa na haki. Ukikosewa na mtu mwenye makosa unaweza kupigana. Sasa huyu?

Niliporudi mama alikuwa ameshapanga magauni mawili, sweta na viatu vya shule ndani ya begi, na wote wawili walikuwa kitandani na simu. Mtoto alikuwa amemwegemea. Nilisimama mlangoni na sahani mkononi. Mama yangu alikuwa anacheka. Sikumbuki akicheka nami hivyo kwenye hesabu. Kwenye hesabu alinipiga rula.

"Huyu msichana analelewa vizuri," akaniambia, kama vile hatukuwa na ugomvi. "Umeona anavyosalimia? Umeona anavyosikiliza kabla ya kushika kitu? Na akili anayo."

"Anadanganywa na kila mtu, mama."

"Anadanganywa na watu wabaya. Kosa ni la nani?"

Mtoto alikuwa ameanza mchezo upya ili kukhu auone, na sasa walikuwa wamefika pale mimi niliponasa wiki mbili. Pale kuna mzee ameketi katikati ya njia na kiko chake. Msichana lazima apite kabla jua halijazama. Mzee anaanza hadithi. Anamaliza, anaanza nyingine, na katikati ya hadithi anaomba vitu: taa yako, binti, nishike kidogo, hiyo ramani, niione. Kila anapopumua, chini ya kioo zinatokea alama tatu. Ya kwanza, mwombe aendelee. Ya pili, mwombe radhi umwambie utarudi kusikiliza. Ya tatu haina maneno, ni picha ya mguu tu. Nilikuwa nimejaribu ya kwanza mpaka nikajua hadithi zote. Nilijaribu ya pili labda mara thelathini. Mzee anasema, "Subiri kidogo, binti, namalizia," na jua linazama, na unaanza upya. Ile ya mguu sikuwahi kuigusa. Nilimkataza mtoto pia. Utamwachaje mzee mdomo wazi, anaongea, wewe unatembea? Hata kwenye simu. Kidole kilikataa.

Na nilimwona mama akifanya vile vile. Ya kwanza. Ya pili. Ya pili tena.

"Kukhu, labda huu mguu," mtoto akasema.

"Hapana. Huo ni wa kumdharau."

"Hata mama alisema hapana."

"Mama yako ana haki hapo." Hilo ndilo jambo pekee tulilokubaliana siku hiyo.

Ndipo nilipomwelewa yule msichana. Waliomtengeneza walimpa akili. Walimpa adabu, huruma, na ule ujasiri wa mtu asiyejua kwamba kuna hatari. Hasira hawakumpa. Hana hata ndogo. Na mtu asiye na hasira kabisa hajui mahali pa kusimama na kusema inatosha, kwa hivyo anasubiri mkubwa amwambie nenda, na mkubwa huyo ndiye anayemaliza mafuta ya taa yake.

"Masweta mengine yako wapi?" mama akaniuliza. "Sirisia asubuhi kuna baridi."

"Mama, sijakubali."

"Kukubali gani? Saa nane na nusu hii. Nipe masweta."

Tulikuwa tunatazamana hivyo, wakati mtoto alipobonyeza mguu.

Msichana alisimama. Alikunja gauni lake kidogo kwa vidole, akamtazama mzee aliyekuwa bado anaongea, akageuka, akaenda. Hivyo tu. Njia ikafunguka, muziki ukabadilika, na binti yangu akaruka juu ya kitanda. "Amepita! Mama, amepita!"

"Rudisha," mama akasema.

"Hairudi, kukhu."

"Mtu mzima anaongea unampa mgongo? Mchezo gani huu? Huko kwangu hutafanya hivyo, sikia?" Akanigeukia. "Unaona unachomfundisha? Mtu mzima ni mtu mzima."

Nilimwambia mtoto, polepole, "Nenda dukani ulete chumvi." Chumvi ilikuwepo.

"Peke yake?" mama akasema.

"Duka ni mlango wa tatu kutoka getini. Nenda."

Alitoka mbio. Mama akanyoosha shingo kumfuata kwa macho, na nikasema kabla sijaogopa.

"Yule mwalimu wako wa hesabu naye alikuwa mtu mzima."

Mama hakugeuka. Aliendelea kutazama mlango.

"Ulimkalisha kwenye kiti cha baba. Ulimwekea chai. Ukaniambia msikilize, usimjibu, ukaenda maombi. Sikumjibu, mama. Nilifanya vile ulivyoniambia. Nilikaa pale pale."

Kwa miaka saba maneno hayo yalikuwa hayajatoka kwenye kinywa changu. Yalitoka na mate. Mama alivua miwani, akaifuta kwa pindo la leso, akaivaa, akaivua tena.

"Mimi ndiye nilimleta," akasema.

"Ndiyo."

"Nilijua siku tumbo lilipoonekana. Nilihesabu." Hesabu, hata hapo. "Nilihama kiti kanisani, nikaenda upande ule mwingine. Miaka saba sijamsalimia yule mtu. Akinyoosha mkono napita."

Nilicheka. Si kicheko kizuri. "Hiyo ndiyo adhabu yake? Kunyimwa salamu?"

"Ningefanya nini? Nikuitie watu wote wa kanisa waje wakutazame?"

"Ungeniuliza! Mimi! Ungekaa na mimi jikoni uniulize!"

Huko kwetu kumnyima mtu salamu ni jambo zito, najua. Watu wameona, wameulizana kwa nini Mwalimu hampi mkono fulani. Kwake yeye alikuwa amemchapa hadharani kila Jumapili. Lakini mimi nilikuwa Kibomet nikichambua mahindi, ningejuaje?

"Ndiyo maana namtaka huyu," mama akasema, na sauti ilikuwa imepasuka. "Huyu sitamwacha na mtu. Hata mmoja. Hatatoka machoni pangu."

"Utamfungia vizuri zaidi."

"Na wewe umemfungia vibaya."

Hapo ndipo tulipofika. Kila mmoja ameushika ukweli wake kama panga. Na mtoto hajarudi. Mama ndiye aliyeanza kusimama, kisha mimi. Mlango wa tatu, dakika mbili kwenda na kurudi, na zilikuwa zimepita karibu kumi. Mama alivaa viatu. Nilikuwa tayari nje, nimefika katikati ya ploti, nikitazama ule mlango wa chumba cha mwisho, mlango wa yule mwanamume, umefungwa, sijui nani yuko ndani. Nilianza kukimbia kuelekea huko.

Sauti yake nikaisikia kutoka barabarani.

"Hii imepasuka! Siwezi kupeleka chumvi imepasuka!"

"Wee mtoto, ni chumvi tu, si inapikwa?"

"Basi wewe upike nayo. Nipe ile."

Tulifika getini pamoja, mama na mimi, tunahema. Mtoto alikuwa kwenye dirisha la duka, ananyoosha mkono ndani ya nondo, na mwenye duka anacheka akimbadilishia pakiti. Akatuona. "Mbona mmekimbia?"

Mama hakusema amefanya vizuri, hakusema amefanya vibaya. Alimfuta kamasi kwa leso yake, akarudi ndani, akabeba begi.

Saa tisa na nusu tulimsindikiza hadi stendi. Mgeni husindikizwa, hata mgeni mliyegombana naye. Mtoto alitangulia akirukaruka; kwake yeye ilikuwa imeshaamuliwa, anaenda kuwaona kuku wa kukhu. Begi alilibeba mama. Sikumnyang'anya. Njia nzima nilijiambia utasema pale kwenye kona, utasema pale kwenye kanisa, na kona ikapita, na kanisa likapita.

Gari la Bungoma lilikuwa limebakiza viti vitatu. Mama akampa utingo begi, akamshika mtoto mkono. "Panda, mama," akamwambia mtoto.

Mtoto akaweka mguu mmoja ndani.

"Hapana," nikasema. Sauti ilitoka ndogo mpaka mama hakuisikia. "Mama. Hapana. Haendi."

Sasa alisikia. Watu wa ndani pia. Utingo akanitazama, akamtazama mama. "Auntie, gari inajaa. Mtoto ni wa kwenda ama ni wa kubaki?"

"Usiniaibishe mbele ya watu," mama akaniambia kwa Kibukusu, chini chini.

Ninaujua mwili wangu. Neno samahani lilikuwa limeshafika ulimini, tayari, na mabega yalikuwa yameanza kuinama yenyewe. Nililimeza. Lilishuka kama mfupa.

"Ni wa kubaki," nikamwambia utingo. "Nipe begi."

Alinipa. Mtoto alishushwa. Mama alipanda, akaketi dirishani, akaweka mkoba wake magotini vile alivyokuwa ameuweka kwenye debe. Nilidhani hatanitazama. Akafungua kioo.

"Jumamosi?"

"Sijui bado."

"Sijui ni jibu?"

"Ni jibu la leo. Lakini hatafungiwa tena. Hilo nimekuambia mbele ya watu hawa wote."

Gari likaondoka. Mtoto alilia kutoka stendi hadi Kibomet, kilio cha kukanyaga chini. Alisema anataka kuona kuku. Alisema mimi ni mbaya. Nilimwambia sawa, mimi ni mbaya, tembea. Watu walitazama. Sikumnunulia kitu cha kumnyamazisha. Alikuwa na haki ya kukasirika na nilimwacha akasirike.

Jumatatu nilimwambia msimamizi wa stoo kwamba Jumamosi sitaweza tena. Akasema kama siwezi Jumamosi, basi na Jumanne nisisumbuke kuja. Wanawake wenzangu waliendelea kuchambua, vichwa chini. Niliondoka jioni na aproni yangu mkononi.

Mama alipiga simu Ijumaa. Nilimwambia yote hivyo hivyo, sikupunguza.

"Kwa hivyo mtakula nini?" akauliza.

"Njoo na kuku," nikamwambia. "Uje umwone mjukuu wako, tukae jikoni tuongee, halafu urudi kwako."

Alikata simu bila kuaga.

Jumamosi hiyo sikwenda popote. Nilikaa kwenye kizingiti na beseni la viazi, mtoto akacheza na watoto wa ploti. Aliumia goti, akaja kulia kwangu, akarudi kucheza. Kila alipopotea nyuma ya tangi la maji nilisimama na kisu mkononi mpaka atokee upande wa pili. Ilipofika saa saba nilikuwa nimesimama mara nyingi sana, na viazi vilikuwa bado nusu.